Mama Alitaka Kuniona Kwenye Picha

Naandika haya kwa ajili yako wewe dada unayekaa kiti cha nyuma kanisani ukiwa umevaa koti mwezi wa saba. Najua si baridi ya kiyoyozi inayokusumbua. Nami nilivaa langu la kijivu kiangazi kizima na cha pili chake, jasho likinitiririka mgongoni, na mtu akiniuliza nilimjibu kwamba damu yangu bado ni ya Kitui, kwetu kwenye joto. Watu walicheka wakaniacha.

Jina langu ni Mwende. Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, tuliishi Lanham, Maryland, huko Marekani, mimi na mume wangu Kioko na binti yetu Ndanu. Nilifanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Kisha akazaliwa Musau, kwa upasuaji. Yeye alitoka mzima, ana mapafu ya kuamsha jengo zima. Mimi nilitoka na tumbo lililoning'inia juu ya mshono, mapaja yaliyosuguana hadi yakachubuka, na mikono ambayo haikuingia tena katika sare yangu ya kazi. Nikaomba sare kubwa. Baada ya muda nikaomba nyingine.

Wanawake wengi hunenepa wakijifungua na maisha yao yakaendelea. Yangu yalikwama, na sitajifanya najua sababu yote. Nilifunika kioo cha bafuni kwa taulo. Kioko aliponiambia hawezi kunyoa ndevu kwa kupapasa, nilimnunulia kioo cha mkononi. Nilianza kubadilisha nguo nikiwa nimejifungia, taa imezimwa, mpaka mume wangu akawa hajui tena mkewe yukoje. Mchana kutwa nilishinda kwa chai ya rangi. Zamu ikiisha nilikaa ndani ya gari pale maegesho nikala mkate na biskuti harakaharaka, nikalia, nikajifuta, halafu nikaenda nyumbani kuwapikia watu chakula ambacho mimi sikukionja mbele yao.

Tena nilikataa kupigwa picha. Hili linataka maelezo, maana vijana wa sasa hawatalielewa. Sisi tulioishi ng'ambo siku zile tuliwatumia watu wetu picha. Akisafiri mtu yeyote, awe wa kanisani au rafiki wa rafiki, ulimpa bahasha. Ndani yake ulikuwa wewe umesimama kando ya gari, wewe kwenye theluji, wewe umeshika mtoto. Simu ilikuwa ghali na mama yangu ilimbidi apande gari hadi mjini kuipokea dukani kwa mtu. Picha ndiyo aliyoishi nayo. Aliwaonyesha majirani, akaipachika kwenye kioo cha kabati la vyombo, na kila aliyeingia kunywa chai alinisalimia pale kabatini.

Tangu Musau azaliwe nilimtumia watoto, nikamtumia Kioko, gari, theluji, hata jiko letu jipya. Mimi sikuwamo. Akiniuliza nilimwambia mimi ndiye mpiga picha wa nyumba. Kioko alijaribu kunivizia siku Ndanu alipotimiza miaka saba, nikiwa nimeinama kuwasha mishumaa. Nilimnyang'anya kamera, nikaifungua mgongo, mwanga ukaingia kwenye filamu. Picha zote za siku ile zikaungua, na za mtoto pia.

"Sasa wewe," Kioko aliniambia kwa sauti ya chini, wageni wakiwa bado sebuleni, "hata birthday ya mtoto?"

Kwa wiki kadhaa tuliongea habari za nani anamchukua nani shuleni na nani ana zamu ipi, basi.

Kiangazi kile kaka yangu Mutua alipiga simu, na hakutaka kuongea nami. Alimtaka Kioko. Nilikuwa jikoni nikamsikia mume wangu akisema, "Hapana, shemeji. Hapana. Nakuapia Mungu, hapana." Halafu akanipa simu akaenda kukaa.

"Mwende," kaka alisema, "tuambie ukweli. Sisi ni watu wako, hatutakutupa. Ni ule ugonjwa?"

Miaka ile hapakuwa na haja ya kuutaja kwa jina. Kila ukoo ulikuwa na mtu wake. Na dalili zake watu walizijua: mtu wa mjini au wa ng'ambo anaanza kupungua kwenye picha, halafu haonekani kabisa, halafu barua zinaandikwa na mwingine, na mwisho linafika jeneza. Mama alikuwa ameziona dalili hizo kwangu moja baada ya nyingine. Alikaa nazo moyoni, hakumwambia mtu, ila aliacha kula. Kaka ndiye aliyegundua kwamba magauni yanamning'inia, ndipo akambana hadi akasema.

"Kaka, mimi ni mzima," nilimwambia. "Kwanza nimenenepa. Nimenenepa vibaya sana."

Kisha akasema, "Hivyo ndivyo alivyotuambia Kavata." Kavata ni binamu yetu. Tulimzika akiwa amebaki mifupa.

Niliposhusha ile simu nilicheka. Nilicheka hadi nikashika meza, mwanamke mzima anayejificha kwa unene, kwao wanamlilia kwa kukonda. Kicheko kikageuka kilio na Kioko hakujua anishike au aniache. Jumapili iliyofuata tulimpigia Mama kule dukani. Nilimwapia kwa kila kitu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Maneno nimeshayasikia," alisema. "Nitumie picha, mwanangu. Nikuone, nile."

Nilimwahidi, na nilitaka kwa moyo wote. Kioko aliweka filamu mpya. Nilivaa vizuri, nikasimama ukutani, nikavua koti. Alipoinua kamera nilikimbilia bafuni nikatapika chai tupu. Tulijaribu tena wiki ya pili, na ya tatu, ikawa vilevile. Mama yangu alikuwa anakufa njaa kwa kukosa karatasi moja yenye sura yangu, na mimi sikuiweza. Hapo ndipo nilipokubali kwamba naumwa.

Sasa nimtaje mtu ambaye bila yeye haya yasingeandikwa. Zainabu ni mwanamke wa Tanga. Tulifanya kazi naye zamu moja na aliishi ghorofa ya juu yetu. Yeye husali tano, mimi huimba kwaya. Yeye hupika wali wa nazi, mimi hupika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharage, chakula ambacho kwake ni cha adhabu. Nilimweleza kila kitu tukikunja shuka kazini. Hakushangaa.

"Shoga yangu, wewe waumwa," alisema. "Si wazimu, wala hukurogwa. Waumwa tu, kama mtu aumwavyo jino. Na nchi hii ina watu wa kazi hiyo. Tutamtafuta wako."

Akamtafuta kweli. Nilikuwa naona aibu kuita mshauri wa mambo ya akili kwa simu, basi Zainabu alipiga yeye, saa ya mapumziko, kwa ile simu ya ukutani ya kazini, akijiita Mwende kwa Kiingereza cha Tanga. Wengi hawakupokea wagonjwa wapya. Mmoja alimngojesha kwenye simu muda mrefu akisikiliza muziki, naye akakaa akisikiliza huku akila muhogo wake, hakukata. Mimi nimewahi kuona watu wenye subira, lakini wa aina yake sijaona mwingine.

Wa kwanza aliyempata alikuwa wa mji wa Bethesda, mwanamke mpole mwenye ofisi ya zulia nene na chemchemi ndogo ya maji mezani. Aliniuliza habari za nyumbani. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akirudi safari huambiwa "umenenepa" na hiyo ni salamu nzuri. Nilidhani nampa kitu cha kumchekesha. Aliniangalia kwa huruma, akaandika. Kwenye miadi ya pili akaniambia kwamba jeraha langu lilianzia utotoni, kwa watu waliousema mwili wangu, na ingenifaa nipunguze kuzungumza na mama yangu kwa muda. Nikamshukuru nikainuka. Sikuwa na koti la kuchukua kwa sababu nilikuwa nimelivaa.

Zainabu alikuwa ananingoja garini. Nilipomwambia, alizima redio.

"Akuachishe mamako? Basi huyo ataka kutibu kichwa kwa kukata shingo. Twende zetu."

Simsemi vibaya yule mama wa Bethesda. Alitaka kunisaidia, ila hakuuliza maana ya neno kabla ya kulihukumu. Wetu nao walikosea kwa namna yao. Mke wa mchungaji wetu, mtu wa upendo mwingi, alinishika mikono tukaomba, na maombi yale yalinituliza. Halafu akanishauri nifunge. Mimi, niliyekuwa mwaka wa pili sijala chakula cha mchana, niliambiwa nifunge. Nikafunga, nikaanguka kazini mbele ya mzee mmoja aliyelazimika kunipigia kengele yeye.

Theluji ya kwanza ilipoanguka Zainabu akampata Bi Loretta, kule Temple Hills. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dobi, na chumba cha kungojea kilinukia mvuke na nguo zilizopigwa pasi. Palikuwa na viti vinne tofauti, visivyofanana hata kimoja, na vyote vilikuwa vipana. Utanisamehe kutaja viti. Ukiwa na ugonjwa wangu, kitu cha kwanza unachokiona chumbani ni kiti, na unajiuliza kama kitakubana. Mle sikujiuliza.

Bi Loretta ni Mmarekani mweusi, wakati ule umri wake kama wa shangazi yangu. Alikuwa mnene kunishinda. Alivaa gauni la manjano lililomkaa sawasawa kifuani, mikono wazi kipupwe hicho, na alikaa kitini kama mtu aliyekinunua. Sikuwahi kumwona mwanamke mwenye mwili kama wangu akiutumia bila kuomba radhi. Nadhani nilianza kupona pale nilipokuwa namkodolea macho tu.

Nilimwambia habari ya salamu yetu, nikingoja aandike. Hakuandika.

"Kwenu sikujui," alisema. "Itabidi unifundishe. Mama yako akikuambia umenenepa, anakuambia nini?"

"Kwamba nimeshiba. Kwamba natunzwa, sina taabu."

"Na wewe ukijiambia hivyo mbele ya kioo, unajiambia nini?"

Chini mashine za dobi zilikuwa zinanguruma. "Kwamba nimeharibika," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akaniachia nilie. Hakunisukumia karatasi za kufutia machozi mapema kama wanavyofanya watu wanaotaka umalize.

Tulikwenda hivyo kila Alhamisi, na kule nyumbani Mutua akawa anambembeleza Mama anywe walau uji. Mara nyingine sikuwa na la kusema nikamweleza kazi yangu, na humo ndimo alimopata dawa. Aliniuliza miili ya wazee ninaowaogesha ikoje. Nikamwambia ni miili ya watu: matumbo yamelegea, matiti yamekatwa, ngozi ina mabaka, kuna bibi mmoja mzito ambaye tunamwinua watu wawili. "Na huyo bibi ameharibika?" akaniuliza. Nilikasirika kweli. Nikamwambia asimseme hivyo, yule ni mtu wa heshima. Akacheka taratibu mpaka nikaelewa nilichosema.

Akanitaka nimwonyeshe ninavyomwogesha. Sasa, sisi wa kazi hiyo tuna desturi: humgusi mgonjwa kabla hujamwambia. Unasema, "Sasa naosha mkono wako wa kulia. Sasa nainua mguu. Maji ni ya moto?" Hata kama hasikii, unamwambia. Bi Loretta alisikiliza yote, mikono kifuani.

"Mwoshe Mwende hivyohivyo," alisema. "Kwa lugha yenu."

Nikamwona ametoka akilini. Jioni ile nilisimama bafuni, mlango umefungwa, nikajiambia kwa Kikamba kama mjinga, "Sasa naosha mkono wako." Niliosha mikono miwili na shingo, nikatoka. Kioko alikuwa ukumbini ameshika taulo, amesikia sauti akadhani nina mtu mle ndani. Nilimweleza. Hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote. Alisema tu, "Ukitaka, mimi nitakaa hapa nje."

Kipupwe kiliisha nikiwa nimefika mabegani na miguuni. Miti ya maua meupe ilipochanua nilikuwa nimefika mapajani. Tumbo lilinishinda muda mrefu. Zilipita wiki nikiliruka, nikasema "sasa nasimama kidogo," kama ninavyomwambia bibi akichoka. Joto liliporudi niliteleza kabisa. Nilirudia kula ndani ya gari, nikaacha kwenda Temple Hills. Bi Loretta alipiga simu nyumbani akamkuta Ndanu, akamwachia ujumbe, na mtoto akaniletea kwa Kiingereza chake kwamba kuna mama amesema kiti changu bado kipo. Nikarudi. Nilipofika hakuniuliza nilikuwa wapi.

Alhamisi moja nilimpeleka Kioko. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, akajibu maswali kifupi kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mwishoni Bi Loretta akamuuliza yeye alikuwa anahisi nini miezi ile ya milango iliyofungwa.

"Nilijua amenichoka," Kioko alisema akiangalia kofia. "Nilijua kuna siku nitarudi nikute nguo zake hazipo."

Sikuwahi kufikiri kwamba mlango ule ulikuwa na mtu upande wa pili. Tulirudi Lanham kwa barabara kuu ya Beltway katika msongamano wa jioni, mkono wake juu ya goti langu, na sikuuondoa.

Majani yalipoanza kuanguka nilisema, "Sasa naosha tumbo lako. Sasa naosha mshono." Mshono ulikuwa laini, mdogo kuliko nilivyodhani. Nikalitoa lile taulo kwenye kioo. Sikujiona mzuri, wala sitakudanganya kwamba siku hizi naimba mbele ya kioo. Nilijiona mtu, na nilimhurumia kwa alivyotendewa.

Picha ilipigwa nje ya jengo letu, Jumapili, baada ya kanisa. Koti nililiacha ndani. Nilivaa gauni la kitenge la mikono mifupi alilolishona Zainabu, naye akanipima kiuno huku akinihadithia harusi ya Tanga ili nisisikie namba. Kioko alipoinua kamera Musau alining'ang'ania mguu, Ndanu akaniamrisha kwa Kiingereza nitabasamu. Sikukimbia. Tulipozichukua picha dukani nilitaka kuichana ile yangu palepale. Nikapanda ngazi hadi kwa Zainabu nikamwekea mkononi.

"Mpe msafiri wako kabla sijabadili nia."

"Nikikupa tena mimi si wa Tanga," alisema, akaificha ndani ya kanga. Ilisafiri na shemeji yake aliyepitia Nairobi, na Mutua akaenda kuipokea.

Dada wa kiti cha nyuma, mshauri wako yupo. Wa kwanza asipokufaa, haina maana huponi. Jino likikataa kung'olewa na fundi mmoja, hukai nalo. Mtafute anayeuliza kabla ya kuamua. Na kama huwezi kushika simu, mpe mtu akushikie. Zainabu ameniruhusu niseme kwamba bado anapiga.

Mama alipiga mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa gharama zake, kutoka kule dukani. Ilikuwa asubuhi, theluji imefunga madirisha, nami nawavisha watoto. Nilisikia pumzi yake kwanza.

"Nimekuona," alisema.

Nikangoja ile salamu yetu ya kunenepa. Nilikuwa nimejiandaa kwa Alhamisi kadhaa namna nitakavyoipokea. Haikuja. Alikuwa analia, na nyuma yake nilisikia watu wa dukani wakiuliza kuna nini.

"Umekula, Mama?"

"Jana nimekula ugali wote. Mutua amekasirika, amekuta sufuria tupu." Akapenga kamasi. "Mwende. Nilimwambia kaka yako ajenge chumba. Kile nyuma ya jiko, hukijui. Amemaliza kukiezeka kabla ya Krismasi, kina vitanda viwili vidogo."

"Cha nani, Mama?"

"Cha watoto wako." Alisema polepole, kama anayeniomba nisikasirike. "Nilijua wewe utatangulia na baba yao atakufuata. Nikasema wasije wakakosa pa kulala."

Ndanu alikuwa ananyoosha mguu nimfunge kiatu. Nilimshika ule mguu nikashindwa kuuachia.

"Sasa kimekaa bure," Mama alisema. "Nitaweka kuku."